Salamu za Idd el-Fitri: Tabia Tuliyoilea Mwezi Mzima

Asalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu zangu, majirani zangu, na nyinyi mlioswali Idi Muscat, Dubai, London na Toronto mkapiga simu nyumbani kabla pilau haijaepuliwa: Idi Mubarak. Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu, sala zetu na sadaka zetu. Na wale tuliofunga nao mwaka jana ambao leo wametangulia mbele ya haki, awarehemu na ayanawirishe makaburi yao.

Kila Idi tunaombeana kheri, na ni vyema. Leo naomba niongeze neno juu ya tabia, kwa sababu Ramadhani imetuonyesha jambo ambalo nahofia tutalisahau mapema.

Tumezoea kusema, "Mie ndivyo nilivyoumbwa." Mwenye hasira husema hivyo, mwenye ulimi mkali husema hivyo, na mvuta sigara ndiyo usiseme. Lakini mwezi mzima tumemwona mvuta sigara yuleyule akikaa zaidi ya saa 13, tangu alfajiri hadi magharibi, bila kuigusa, na hakuna aliyemshika mkono. Nilikuwa ndani ya daladala mchana mmoja wa jua kali, konda akamrudishia mzee mmoja chenji pungufu, na juu yake akamtolea maneno. Mzee alikuwa amepakata kikapu cha mihogo na nazi mbili. Akafungua kinywa, mishipa ya shingo imeshamsimama. Kisha akakifumba. "Mie nimefunga, mwanangu," akasema, akageukia dirishani. Konda akatahayari, akamtolea mia mbili yake iliyobaki.

Yule mzee alikuwa na hasira, tena nyingi, tuliiona sote. Alifanya alivyofundisha Mtume wetu (s.a.w.), kwamba mfungaji akitukanwa au akichokozwa aseme, mimi nimefunga. Na maneno hayo, nadhani, mtu hujiambia mwenyewe kwanza kabla ya kumwambia mwenziwe.

Imam Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu aliyezaliwa Tus huko Uajemi mwaka 1058 na kufariki mwaka 1111, alilichambua jambo hili kwa kina. Kwake yeye, tabia ni hali iliyokita ndani ya nafsi hata matendo yakawa yanatoka kwa wepesi, bila mtu kukaa akafikiri. Aliyetoa mara moja kwa sababu ya haja iliyomzukia hajawa karimu bado. Karimu ni yule ambaye kutoa hakumpi uzito. Walikuwapo waliodai kwamba tabia haibadiliki, kama ambavyo mtu mfupi hawezi kujirefusha. Akawajibu kwamba ingekuwa hivyo, basi mawaidha na malezi yote yangekuwa kazi bure. Na mbona hata ndege wa kuwindia, aliyekuwa mkali mwituni, hufundishwa akazoea watu? Akatoa mfano wa kokwa ya tende. Kokwa si mtende, lakini imeumbwa kwa namna ambayo ikilelewa itakuwa mtende. Mtofaa haitakuwa, hata uimwagilie vipi.

Mfano huo naupenda kwa sababu hautudanganyi. Hautuambii kwamba mtu anaweza kuwa chochote atakacho, wala hautupi ruhusa ya kubaki kokwa. Ghazali alikataa pia fikra kwamba hasira na matamanio yang'olewe kabisa. Bila hasira mtu asingejitetea, na bila hamu ya chakula angekufa. Kinachotakiwa ni viongozwe. Qur'ani, katika Surat Aal-Imran, inawasifu wanaozuia ghadhabu zao, na mtu hawezi kuzuia asichokuwa nacho.

Dawa aliyoitaja ni ngumu lakini iko wazi: anayetaka kuwa mkarimu ajilazimishe kutenda kama mkarimu, arudie na arudie, mpaka kulazimisha kuishe na wepesi uje. Ndiyo maana zakatul-fitri naiona ni darsa kubwa. Pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, hata mtoto mchanga, na itoke kabla ya sala ya Idi. Nyumba ya watu saba ni pishi saba, vibaba vinne kila pishi. Jirani yangu huwaita wanawe wote uani, kila mmoja apime fungu lake mwenyewe. Mdogo wao hawezi kukishika kibaba kwa mkono mmoja, basi hukikumbatia, mchele ukamwagika mkekani, akauokota punje kwa punje kwa sababu ameshaambiwa huo si wake tena. Hapo hakuna hotuba iliyotolewa. Mkono umefundishwa kutoa kabla akili haijajua kwa nini.

Sasa niseme langu. Huwa tunawacheka wale tuwaitao waswali wa Ramadhani, wanaojaza safu za tarawehe kisha wakatoweka mwezi ukiandama. Mimi sioni haki ya kuwacheka. Hawa watu walifanya ibada ya kweli kwa siku 29 au 30, na waliiweza. Waliiweza kwa sababu mtaa mzima ulikuwa pamoja nao. Daku waliamshwa na wapiga ngoma, magharibi sahani za kaimati na tambi zilipita mlango kwa mlango zimefunikwa kawa, na mtoto aliyepeleka sahani hakurudi nayo tupu. Barazani watu walisitasita kusengenya kwa sababu kila aliyekaa pale alikuwa amefunga. Mtu alishikwa na watu. Kisha ikaja Idi, sote tukaachia kwa pamoja, halafu tukamlaumu aliyeanguka. Tabia hukaa ndani ya nafsi ya mtu, sawa, lakini sehemu yake kubwa inashikiliwa na wale anaoamka nao, anaokula nao, anaokaa nao kitako jioni. Kama tunamtakia kheri ndugu yetu, tusimwache peke yake Mfunguo Mosi, mwezi huu unaofuata Ramadhani, kama ambavyo hatukumwacha Ramadhani.

Mtume (s.a.w.) amesema amali impendezayo zaidi Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa chache. Basi nani aliyewahi kukuambia uendelee kusoma juzuu nzima ya Qur'ani kila siku? Ukurasa mmoja baada ya alfajiri unatosha kuanzia. Sahani moja kwa jirani kila Ijumaa. Na lile neno la mzee wa kwenye daladala linaweza kusemwa moyoni hata na mtu aliyeshiba.

Hapa mtaani tumekubaliana sitta, zile funga sita za sunna za Mfunguo Mosi, tuzifunge pamoja, Jumatatu na Alkhamisi, wiki tatu, na futari izunguke nyumba kwa nyumba. Asiyeweza kufunga kwa maradhi au uzee aje afuturu nasi tu. Wasiokuwa Waislamu, majirani zetu wa siku zote, sahani zenu ziko palepale. Na kama kuna kijana mliyekuwa mkimwona safu ya nyuma na hamjamwona tena, mpitieni mje naye.

Idi Mubarak, nyote na vyote vyenu.