Risala ya Vijana wa Kanisa, Mkunazini, kwa Mgeni Rasmi Siku ya Darasa la Kusoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Baba Askofu;
Mapadri na mashemasi wetu;
Wazee wa kanisa;
Majirani zetu Waislamu mlioitikia mwaliko;
Mabibi na mabwana,

Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum.

Tunakukaribisha kwa mikono miwili, Baba. Umeacha mengi kuja kukaa nasi alasiri hii, na sisi tumelihesabu hilo.

Mahali ulipokaa palikuwa soko la watumwa. Lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa hili. Askofu Edward Steere, aliyelijenga, amezikwa nyuma ya altare. Kila Jumamosi zamu yetu ya usafi hupiga magoti kupangusa duara la marumaru mbele ya altare, pale ambapo wazee wetu wametusimulia kuwa ulisimama mti wa kuchapia watumwa. Kitambaa kikipita hapo, mazungumzo hukatika yenyewe.

Lakini kanisa la Unguja halikuanza na jengo. Mwaka 1864 Askofu Tozer alipofika, Sultani Majid alimpa watoto watano wa kiume waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao ni John Swedi, ambaye mwaka 1879 alipewa ushemasi. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, aliyetekwa angali mtoto, akawa padri. Tunayataja majina haya kwa sababu wageni wanaotembezwa hapa husikia zaidi habari za mmisionari David Livingstone, naye hakulijenga kanisa hili. Na tuseme pia mbele ya majirani zetu: Kiswahili ambacho Steere alikitumia kutafsiri Injili alifundishwa na Waislamu wa mji huu.

Liko jambo moja linalotuuma. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Unguja hadi 1897. Kanisa limekwisha kujengwa, kengele zinalia, Misa inasomwa, na nje ya ukuta mtu bado ni mali ya mtu. Tulipolisoma hilo darasani tulijiuliza: je, leo nje ya ukuta wetu yuko nani?

Jibu tulilipata jikoni mwa nyumba zetu wenyewe. Wadada wa kazi, wengi wao wametoka bara, wengine hawajui kuandika jina lao. Hatusemi ni watumwa. Neno hilo lina uzito wake na mahali hapa panaujua. Ila mtu anayeamka kabla ya adhana ya alfajiri, akalala wa mwisho, na hana hata alasiri moja ya kwake, Kristo amemfia yeye pia. Ndiyo maana tukafungua darasa, Jumapili saa tisa, juu ya mikeka ukumbini.

Kitabu chetu cha kusomea ni Waraka kwa Filemoni. Tuliuchagua kwa kuwa ni mfupi, aya 25 tu, mtu anaumaliza akajiona msomaji. Paulo anamrudisha mtumwa Onesimo kwa bwana wake, Filemoni, akiomba apokewe kama ndugu mpendwa, na deni lake lolote aandikiwe yeye Paulo. Karne ya 19 kule Marekani wako wahubiri walioutumia waraka huu huu kutetea kurudishwa kwa watumwa watoro. Dada mmoja, kidole kikiwa bado chini ya jina la Onesimo, alituuliza: "Alipofika, alifunguliwa mlango gani, wa mbele au wa uani?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Tangu siku hiyo tunausoma waraka ule kwa namna nyingine.

Changamoto zetu, Baba, ni mbili. Ya kwanza ni ndogo: mikeka imechakaa, na vitabu tulivyonavyo maandishi yake ni madogo kwa mtu anayeanza kusoma. Ya pili ni nzito. Wako wanafunzi waliokatazwa kuja, na baadhi ya matajiri wao waliowakataza ni Wakristo wenzetu, tunaopeana nao mkono wa amani Jumapili asubuhi. Mmoja alituambia dada akijua kusoma atadai mshahara. Hatumtaji jina. Tumemwendea mara mbili kama ndugu, na tutamwendea tena.

Kwa hiyo tunaomba mikeka kumi, na nakala 20 za Agano Jipya zenye maandishi makubwa. Juu ya yote tunaomba waraka wako, usomwe makanisani Unguja na hadi Weti kule Pemba, ukiwataka Wakristo wote wenye wafanyakazi majumbani wawape alasiri ya Jumapili, na siku hiyo isikatwe katika mshahara.

Wanafunzi wetu tisa watakusomea sasa Filemoni, kwa zamu. Wengine watakwama njiani. Tunaomba wasisaidiwe haraka.

Tunaomba kuwasilisha.