Kuhusu vishazi tegemezi, na ombi langu kwako

Newala, Mtwara

Ndugu yangu Mwalimu Hamisi,

Assalaam aleikum. Natumaini wewe na watu wa nyumbani hapo Nachingwea hamjambo. Sisi ni wazima, na mama Rehema anawasalimu. Nimekawia kukuandikia kwa ajili ya kusahihisha insha za Kiingereza za kidato cha pili, na insha hizo hizo ndizo zilizonifanya nishike kalamu leo.

Mwanafunzi mmoja, mtoto makini sana, ameandika: "When the price of cashew nuts fell." Akatia nukta. Kisha akaanza upya: "My father kept his sacks at home." Tahajia yake haina kasoro, lakini maneno ya kwanza yamebaki yananing'inia, kwa kuwa ni kishazi tegemezi, yaani kipande cha sentensi chenye kitenzi lakini kisichojitosheleza, kilichotengwa na kishazi huru chake. Wenzake wengi wamefanya vivyo hivyo kwa "because" na "if".

Mwalimu Saidi anasema ni uvivu, nami siafiki hata kidogo. Mtoto wa hapa hawezi kusema "Bei ya korosho iliposhuka" akanyamaza. Bibi yake atamkodolea macho akingoja amalizie, maana ile -po- iliyo ndani ya kitenzi imekwisha kumwarifu kwamba maneno bado yanakuja. Katika Kiingereza kitenzi chenyewe hakiguswi. "The price fell" ni kishazi huru kinachojitosheleza, na "when" likisimama mbele yake ndipo kinapogeuka kuwa tegemezi. Mtoto anaona kiima, anaona kitenzi, anaridhika, anatia nukta. Ndiyo maana naona si sawa kuanza kwa kumkaririsha fasili, ilhali sikio lake linaujua utegemezi tangu hajaingia darasa la kwanza. Tuanze na -po- na -ki-, kisha tumwonyeshe mahali Kiingereza kinapoweka "when" na "if".

Suala la koma halinisumbui: wameshaelewa kwamba kishazi tegemezi kikitangulia hufuatwa na koma, na kikija nyuma kwa kawaida koma haihitajiki. Kinachonikosesha raha ni "Although it rained, but we went to the farm." Sisi husema "ingawa" na "lakini" katika sentensi moja bila tatizo. Kiingereza hukataa, kwa sababu "but" huunganisha vishazi vyenye hadhi sawa, na "although" imekwisha kukishusha kimoja. Upimaji wa kitaifa unakaribia, na sipendi waingie chumba cha mtihani wakiwa na sentensi za namna hiyo.

Je, lile zoezi lako la vipande vya karatasi, ambalo wanafunzi huunganisha kishazi na kishazi, bado unalo? Unaweza kunitumia nakala kwa basi la Masasi? Wanafunzi wako walielewa upesi ulipoanza na Kiswahili, au waliendelea kuchanganya? Na "although" uliifundishaje hata "but" ikaondoka?

Nasubiri jibu lako kwa hamu.

Ndugu yako,
Mwalimu Issa