Pesa za karo ya Januari zisipelekwe kwa ETF

Mhariri,

Mie ni mweka hazina wa chama kimoja cha kuweka akiba hapa Kisauni na siku hizi kila tukikaa kikao hakuna tena maneno ya kununua mahema na viti vya kukodisha, ni ETF tu, ile mifuko ya hisa inayouzwa kwa soko la hisa. Vijana wetu wameziona kwa simu, grafu zapanda kama mnazi, sasa wataka pesa zote za chama ziende Marekani. Sizipingi hizi ETF, tena naona ni kitu kizuri sana kwa mtu wa kipato kidogo, lakini kuna mambo hayasemwi na ndio nakuandikia.

Uzuri upo. ETF ni mfuko wenye hisa za kampuni nyingi, halafu mfuko wenyewe wauzwa vipande vipande kwa soko la hisa, wanunua na kuuza muda wowote soko liko wazi. SPY, ambao ndio wa zamani zaidi kule Marekani, ulianza 1993 na wafuata S&P 500, yaani orodha ya kampuni kubwa kama 500 za Marekani, zote kwa mpigo. Wenzetu wengi wakumbuka hisa za Safaricom 2008, ziliuzwa kwa shilingi 5 baadaye zikateremka chini ya 3, na mtu alokuwa ameweka vyake vyote pale alikaa miaka akingoja zirudi. Ukiwa na kampuni 500 moja ikianguka hata husikii. Halafu bei ya kusimamiwa ni ndogo ajabu, kuna mmoja wa Vanguard, kampuni ya mifuko ya Marekani, unaitwa VOO watoza asilimia 0.03 kwa mwaka, yaani shilingi 3 kwa kila 10,000, wakati mifuko yenye mameneja wa kuchagua hisa mara nyingi hukata asilimia 1 mpaka 2 na hata zaidi.

Sasa hizo shilingi 3 ndio zinazotangazwa. Njiani je? Unabadilisha shilingi kuwa dola kwa bei ya benki, unalipa kutuma, broka, yule wa kukununulia, naye ana lake, na siku ya kurudisha pesa yote hayo yaanza upya. Kwa mfano tu, ukituma 20,000 ukakatwa 2,000 huko njiani, asilimia 10 ishaenda kabla hujanunua kitu, na itabidi soko lifanye kazi mwaka mzima mzuri ndio urudi ulipokuwa. Gawio, ile faida kampuni zinazowagawia wenye hisa, likija Marekani yakata asilimia 30 kwa mtu wa Kenya. Tena ukifa na mali ya huko inayozidi dola 60,000 waweza kudaiwa kodi ya urithi, ingawa hilo kwa chama chetu tutalijadili tukifika.

Lakini linalonisumbua zaidi ni shilingi. Mwisho wa Januari 2024 dola ilikuwa kama shilingi 160. Tuseme tungepeleka 48,000, tungepata dola 300. Kufika Juni dola ilikuwa imeshuka hadi kama 129, dola 300 zile zile ni 38,700. Ati soko la Marekani lilipanda miezi hiyo? Ndio lilipanda, tena vizuri, na bado ukijumlisha ungekuwa chini ya zile 48,000 zako. Alonunua mwanzo wa 2022 dola ikiwa 113 huyo alicheka, nakubali, lakini hakuna kijana yeyote wa chama anayejua dola itakuwa ngapi Disemba hii, na sie Disemba ndio twagawa, manake Januari ni karo na sare za shule. Soko lenyewe nalo huanguka. S&P 500 ilianguka karibu asilimia 34 kati ya Februari na Machi 2020. Ilirudi mwaka huo huo, lakini ilipoanguka 2008 ilichukua miaka kurudi, na shule haingoji.

Bi mmoja wetu auzaye nazi Kongowea alimuuliza kijana, "Mwanangu, hiyo mali yenyewe iko wapi, mtu akitaka kuiona aende wapi?" Kijana akampa simu. Bi akaitazama, akaigeuza nyuma, akamrudishia. "Hii ni picha."

Watu walicheka ila lile swali ni zito kuliko grafu zote, kwa sababu kuna programu za simu zinazoandika ETF na ukisoma yale maandishi madogo wakuta hununui kipande chochote cha mfuko, wabeti tu bei yapanda au yashuka, tena kwa pesa za mkopo, waweza kuamka asubuhi huna kitu. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA) ina orodha ya waliopewa leseni, iko wazi kwa tovuti yao, mtu aangalie jina kwanza.

Kuna wanaosema basi tununue hapa hapa Nairobi. Ule mfuko wa dhahabu wa NewGold uliingia soko la Nairobi 2017 na alonunua wakati ule akatulia ameona faida, dhahabu imepanda sana. Ila dhahabu haitoi gawio, na kwa miaka mingi pale wanunuzi wamekuwa wachache, waweza kutaka kuuza leo ukose mtu wa bei nzuri. Na wale wanachama waliouliza habari ya riba na pombe wana haki, ndani ya zile kampuni 500 kuna mabenki, ila ipo mifuko iliyochujwa kufuata sharia kama SPUS, ulioanza 2019.

Mie msimamo wangu kwa chama ni kwamba pesa za kugawa Disemba zikae hapa kwa mfuko wa soko la fedha (money market) au sacco, na anayetaka ETF atie zake za pembeni ambazo hatazigusa miaka mitano na zaidi, akusanye kwanza ziwe nyingi kidogo ndio atume mara moja asiliwe na makato. Vijana hawajakubali, wasema naogopa.

Ombi langu kwa mabroka, semina zenu zote mwafanyia Nairobi na kwa Kizungu. Shukeni Mombasa, ongeeni Kiswahili, na mje na karatasi ya makato yote, bei ya kununua na bei ya kuuza ya siku hiyo hiyo zikiwa zimeandikwa pamoja.

Mweka hazina wa chama,
Kisauni, Mombasa