Barua kutoka Musoma: sungura wako, na Popi

Mwanangu mpenzi,

Baba yako amenipigia akaniambia sungura wako mweupe amekufa, na kwamba tangu juzi wewe chakula hakikupiti. Pole sana, mama. Bibi bado yuko wodini na sitaweza kufika Mugumu kabla ya Jumamosi, ndiyo maana nakuandikia.

Ulimuuliza baba kama wewe ndiye uliyemuua. Hapana. Kuna jambo ambalo mimi sikukufundisha. Ijumaa ulimpa kabichi yote iliyobaki sokoni, akala kwa furaha. Jumamosi akajikunyata pembeni, ukadhani amechoka. Sungura ni mnyama wa kuwindwa, kwa hiyo akiumwa huficha ugonjwa wake. Hatalia kama mbwa wetu Popi. Tumbo lake linatakiwa kusaga nyasi usiku na mchana. Likisimama, gesi hujaa, na sungura hawezi kutapika. Asipogusa chakula kwa nusu siku, mkimbizeni kwa daktari wa mifugo, msingoje kupambazuke.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla hujafagia banda, tazama mavi ya sungura wawili waliobaki. Yakiwa mengi, ya mviringo na makavu, tumbo linafanya kazi. Yakipungua au yakiwa madogo kuliko kawaida, mwambie baba hapo hapo. Ukimkuta mmoja anakula kinyesi chake laini kinachong'aa, usimzuie wala usione kinyaa. Hicho ni chakula chake cha mara ya pili, na ndimo anamopata vitamini.

Nyasi kavu zisiishe bandani. Meno yao huota maisha yote, na nyasi ndizo zinazoyapunguza. Mchicha uwe kidogo, kabichi tuiache kabisa, na majani ya parachichi ni sumu kwao. Jua la saa nane lisiwafikie. Na tafadhali, rafiki zako wasiwanyanyue kwa masikio. Mkono mmoja kifuani, mwingine matakoni.

Popi anafikisha miezi 3 wiki ijayo, na huo ndio umri wa chanjo ya kichaa cha mbwa. Muulizeni daktari pia chanjo ya distempa na ya parvo, magonjwa mengine mawili ya mbwa. Kwetu jambo hili si dogo. Mwaka 1994, nikiwa mtoto kama wewe, simba wa Serengeti walikuwa wakitetemeka na kuanguka. Karibu theluthi moja yao walikufa kwa distempa, ugonjwa wa mbwa. Baadaye wataalamu wakaanza kuchanja mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi. Popi wetu ni mmoja wa mbwa hao.

Mbwa yeyote akikung'ata, hata kama ni Popi katika mchezo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha baba akupeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usinifiche kwa kuogopa kwamba nitamtoa Popi. Kichaa cha mbwa dalili zikishaonekana hakitibiki, na mimi nakutaka wewe kwanza.

Ile dawa ya kupe ya matone ambayo Popi hupakwa mgongoni, usithubutu kuwapaka sungura. Dawa za namna hiyo nyingine zina kemikali iitwayo fipronili, nayo huwaua. Panadoli usimpe mnyama yeyote. Vitunguu, chokoleti na mifupa ya kuku iliyopikwa visimfikie Popi, hata akikutazama kwa yale macho yake.

Hela ya daktari nimemtumia baba. Yule mweusi na yule wa madoa walikula kabichi ile ile, basi leo jioni kaa nao kidogo, wawekee nyasi na maji safi, uone kama wanatafuna. Nipigie kabla hujalala, hata kama ni usiku. Simu nitaiweka karibu na kitanda cha bibi.

Mama yako