Kabla hujavunja kolabo na mwenzako

Mdogo wangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Umechoka, unasema. Wewe unapiga kinanda na unataka wimbo uwe na melodi ya kushika. Mwenzako analeta mivumo, mikwaruzo na milio ya umeme, na kila mkikaa pamoja mnaishia kubishana nani amfuate nani. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua si nyinyi peke yenu mliokwama hapo. Kabla hujaachana naye, nakuomba uwasikilize watu wawili: Ryuichi Sakamoto wa Japani na Carsten Nicolai wa Ujerumani, ambaye kwenye albamu hujiita Alva Noto.

Usidhani walielewana kwa kuwa walitoka njia moja. Sakamoto, mzaliwa wa Tokyo mwaka 1952, alisomea utunzi wa muziki chuoni. Mwaka 1978 aliunda bendi ya Yellow Magic Orchestra pamoja na Haruomi Hosono na Yukihiro Takahashi, na sintesaiza zao, yaani vinanda vya umeme, zikapata mashabiki hadi nje ya Japani. Kisha akahamia kwenye muziki wa filamu, na ule wa The Last Emperor, alioutunga na David Byrne na Cong Su, ukawapatia Oscar. Nicolai alizaliwa mwaka 1965 huko Karl-Marx-Stadt, Ujerumani Mashariki, mji ambao leo ni Chemnitz. Yeye alisomea usanifu wa mandhari, akawa msanii wa maonyesho, na muziki aliuingilia mlango huo: mawimbi tupu ya sauti, milio mifupi iliyokatwa kwa vipimo, kimya kilichopangwa.

Albamu yao ya kwanza, Vrioon, ilitoka mwaka 2002. Sakamoto alirekodi piano akamtumia mwenzake, naye Nicolai akaifanyia kazi kwenye kompyuta. Isikilize kwa hedifoni, tafadhali, maana spika ya simu itameza sauti zote za chini na utabaki na nusu ya kazi. Sakamoto anagonga nota chache, kisha anaziacha zilie mpaka ziishe zenyewe. Nicolai haziwekei ngoma. Anasubiri mwangwi uanze kufifia, ndipo unasikia mlio mwembamba wa juu ukishikilia pale nota ilipoachia, na chini kabisa besi inayopumua taratibu. Mara nyingine anachukua kipande kidogo cha piano hiyohiyo na kukirudisha kikiwa kimekatwakatwa, hujui tena kama ni waya wa piano au ni umeme. Piano inabaki piano, mashine inabaki mashine. Hakuna aliyemwomba mwenzake apunguze alichonacho, na hapo ndipo ninapotaka usimame kidogo.

Walifuatisha Insen mwaka 2005, Revep 2006, utp_ 2008, waliyoifanya na kundi la Ensemble Modern kwa ajili ya miaka 400 ya mji wa Mannheim, na Summvs 2011. Ukizipanga herufi za kwanza za albamu hizo tano unapata neno VIRUS. Karibu miaka kumi, na Sakamoto angeweza kabisa kubaki kwenye filamu na kula jina lake.

Mwaka 2014 Sakamoto aligundulika ana saratani ya koo. Alipokuja kuombwa muziki wa filamu ya The Revenant alikuwa bado hajapata nguvu zake, na mtu aliyemwita amsaidie ni Nicolai. Mtunzi Bryce Dessner naye aliongeza vipande vyake. Muziki ule ulikataliwa kushindania Oscar kwa sababu ulikuwa na mikono ya watunzi wengi, uamuzi ambao mimi mpaka leo naona haukuwatendea haki.

Ila mimi ninayoipenda kuliko zote ni Glass. Septemba 2016 waliingia katika nyumba ya vioo ya msanifu Philip Johnson, New Canaan, Connecticut, iliyojengwa mwaka 1949, wakati msanii Yayoi Kusama ameipamba kwa madoa yake mekundu. Walibandika maikrofoni kwenye vioo vyenyewe, Sakamoto akawa anavisugua kwa nyundo za mpira na ukuta ukatoa mlio mrefu, kama mtu anayezungusha kidole chenye maji kwenye mdomo wa glasi. Hawakuwa wameandika nota. Zaidi ya nusu saa mfululizo wanasikilizana tu, na huwezi kujua kwa hakika nani anafanya nini. Rekodi ilitoka mwaka 2018.

Sakamoto alifariki Machi 28, 2023, akiwa na miaka 71.

Wewe na mwenzako mnagombania nafasi ileile katika kila sekunde ya wimbo. Wewe unajaza kinanda mwanzo hadi mwisho, yeye akifika hana pa kukaa, basi anapandisha sauti. Chukua ile piano yako ya usiku, ile isiyo na biti, punguza nota nusu nzima, mtumie. Usimwandikie maelekezo yoyote. Akikurudishia, sikiliza mara mbili kabla ya kumpigia simu, halafu nitumie na mimi.

Kakako