Mbegu za maua ya porini msizifukie chini ya makumbi

Mhariri, assalaam alaykum. Naomba nafasi maana vuli inakaribia na watu wengi hivi sasa wanatengeneza bustani kwa mtindo huu wa kutolima, unafyeka majani, unatandika maboksi, juu unamwaga mboji, na mimi nnauunga mkono kwa moyo wote, khasa kwa wenzetu wa Makunduchi na Jambiani ambako ukipiga jembe unakutana na jiwe. Lakini malalamiko ni yale yale, maua hayaoti, mbegu mbovu. Sio mbegu jamani! Kinachoziba magugu kinaziba na mbegu yako, hakichagui.

Mbegu ya mgagani ni kipunje tu, ukiifukia chini ya makumbi na majani makavu itatokea wapi? Juu ya boksi weka mboji iliyoiva, laini, inchi tatu hivi, basi. Changanya mbegu na mchanga mkavu zisirundikane, zimwage kwa mistari maana ukizitupa ovyo baadae hujui lipi ua lipi gugu, kandamiza kwa kiganja, mwagia maji kwa kopo lililotobolewa. Makumbi subiri mpaka miche ifike shibiri, ndo uizungushie. Mbegu ya marejea, lile ua la njano, ganda lake gumu, loweka usiku kucha kwanza.

Na samadi mbichi achaneni nayo. Ng'ombe kala majani, mbegu nyingi zinapita tumboni nzima, wewe unazimwaga juu ya boksi kisha unashangaa bustani imerudi pori, tena maua ya porini yakishiba sana yanatoa majani tu. Ndago nayo inatoboa boksi, kwa hiyo weka mawili mawili na kingo zipandane, gamutepu bandua zote. Kuku wakiona mboji mpya lazima wachakure, tandaza wavu chakavu wa uvuvi.

Ombi langu kwa mabwana shamba na walimu wa skuli, mkiwafundisha watoto habari ya maboksi waambieni na hili la mbegu, maana mtoto zisipomuotea mara ya kwanza anakata tamaa, na nyuki na vipepeo wetu watakula wapi huku mitaani ambako kila uwanja wa nyumba unawekwa pevingi? Na alokuwa na mgagani ulokauka nyuma ya nyumba asiutupe jaani, apukuse mbegu azipeleke skuli iliyo karibu.

Msomaji wako,
Fuoni, Unguja