Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: papa, pomboo na mapato yetu

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wavuvi,

Hesabu za chama atazisoma mhazini baada yangu, na suala la ada nimemwachia katibu. Mimi nataka tuzungumzie jambo lililotugawa mwaka mzima: ombi la kuchangia majarife (nyavu kubwa za kutega) na petroli ili tuwapunguze papa na pomboo wanaotunyang'anya samaki.

Hasara naijua. Nguru amenasa, mnavuta, ghafla mshipi unakuwa mwepesi; kinachopanda ni kichwa na matamvua. Pale Feri, sokoni kwa samaki, hakuna dalali wa kukinadi. Samaki amekwenda, pengine na ndoana na waya, na petroli imeshaungua. Tajiri mwenye chombo akitoa gharama zake, mabaharia wanagawana nini?

Hata hivyo kamati imeukataa mchango huo, nami naunga mkono kwa moyo wote. Jarife halichagui. Utalitega usiku, alfajiri ukute kasa, pomboo, hata nguva, na hao wanalindwa na sheria. Papa wengi huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa, na huzaa wachache. Tukiwamaliza, wenzetu wanaoishi kwa papa mkavu watakula nini? Wala tusitegemee mapezi kurudisha gharama: tangu Novemba 2023 papa wengi zaidi wameingia kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na kuuza mapezi yao nje kunahitaji kibali.

Na samaki wangeongezeka kweli? Afrika Kusini walilipigia hesabu swali hili kwa sili, mnyama wa baharini anayekula samaki, na samaki aitwaye heki. Heki wako aina mbili. Sili hula zaidi yule wa maji mafupi, na huyo naye akikua hula wadogo wa heki wa kina kirefu. Ukiua sili, heki wa maji mafupi anaongezeka, anamla zaidi mwenzake wa kina kirefu. Watafiti walionyesha mwaka 1995 kwamba kuua sili kungeweza hata kupunguza mavuno ya wavuvi. Papa wetu nao hawali nguru peke yake. Wanakula taa, pweza, hata papa wadogo.

Miamba yetu iliharibiwa na baruti na makokoro, si pomboo. Hilo tuliseme wazi.

Kamati inapendekeza kila chombo kiwe na daftari: mahali, kina, saa, samaki gani ameliwa. Matumbo yasitupwe tunapovulia, na papa wakianza kunyang'anya, nahodha ang'oe nanga ahame. Madaftari yako mezani kwa katibu. Kura itapigwa kabla ya chakula.